Maandamano ya Babu: Kisakale cha Ukoo na Kumbukumbu za Kericho

Kisakale cha ukoo aghalabu hubeba msamiati wa msimulizi kuliko wa mhusika. Ichukuliwe, kwa mfano, familia ya Bomet inayosimulia kuwa babu yao, mtu wa ukoo wa Talai, aliongoza maandamano dhidi ya Waingereza katika nchi ya chai, naye kwa kosa hilo akahamishwa. Dai kama hili lachunguzwaje?

Kikwazo cha kwanza ni majina. Anayetafuta jalada la wilaya ya Bomet la 1934 katika Nyaraka za Taifa mjini Nairobi hatalipata, kwani wilaya hiyo ilimegwa kutoka Kericho mnamo 1992. Wakipsigis wenyewe yambidi awatafute kwa jina la “Lumbwa”, na orkoiik, yaani viongozi wa kiroho wa Talai, kwa jina la “laiboni”, ambalo maafisa waliliazima kutoka Kimaasai. Wala neno “arap” halimpi mtafiti njia iliyonyooka. Kipchomber arap Koilegen na Koitalel arap Samoei walikuwa wana wa baba mmoja, Kimnyole arap Turugat. Atakayefuata “arap” pekee hatauona udugu wao. Rika ni ushahidi imara zaidi, ila nalo lina mtego: Maina, Chumo na Sawe ni majina yanayorudi kwa mzunguko wa takriban karne moja, hivyo Maina wa simulizi huenda si Maina wa jalada.

Maandishi nayo yasipokelewe kwa pupa. Richard Meinertzhagen, aliyemuua Koitalel mnamo 1905, alichapisha shajara yake ya Kenya mwaka 1957. Baadaye ilithibitika kuwa baadhi ya vielelezo vya ndege alivyodai kuvikusanya vilikuwa vya wizi. Msimulizi wa Talai hana sababu ya kumwonea haya shahidi wa namna hiyo.

Yaliyo wazi ni haya. Koilegen alihamishiwa Fort Hall mnamo 1914, akafia huko 1916. Sheria ya kuwaondoa laiboni ilipitishwa mwaka 1934, miaka kumi hivi baada ya makampuni ya chai kuanza kujikita Kericho. Kwa sheria hiyo watu wapatao 700, wake kwa waume na watoto, walipelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria, penye malaria na mbung’o. Ruhusa ya kurudi ilikuja 1962.

Hapa ndipo kisakale kinapojifichua. Sheria ya 1934 haikuhitaji kosa la mtu mmoja mmoja. Kuzaliwa Talai kulitosha. Adhabu isiyo na tendo ni vigumu kuisimulia, hivyo fanani huipa tendo, na kwa kizazi kilichokulia katika siasa za uhuru tendo lililo karibu ni maandamano. Babu aliyeswagwa anageuka kuwa babu aliyeongoza.

Geuzo hilo lina gharama. Madai ya Wakipsigis na Watalai yalifikishwa mbele ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa, na mwaka 2022 katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Katika uwanja huo maandamano yasiyo na ushahidi humpa mpinzani silaha, ilhali sheria yenyewe tayari inakiri kuwa waliofukuzwa hawakuhukumiwa kwa tendo lolote. Kwa hiyo swali la kumuuliza mzee wa familia si babu aliongoza nini, bali ni nani walizikwa Gwassi, na walikuwa wa rika gani.