Interrail: Tiketi ya Sherehe Iliyodumu Nusu Karne

Machi 1972, kijana wa Kiingereza mwenye umri usiozidi miaka 21 aliweza kwenda dirishani na pauni 27 na nusu, akapewa kijitabu chembamba, na kwa mwezi mzima treni za nchi 21 za Ulaya zikawa zake. Ni daraja la pili, lakini popote reli ilipofika: Norway kaskazini, Ureno magharibi, Ugiriki kule mwisho wa bara. Nchini kwake alilipa nusu nauli. Akishavuka mpaka hakudaiwa kitu. Hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi, na vijana wengi kama yeye wasingekuwa na jibu.

Kijitabu hicho ndicho Interrail, na waliokitoa hawakuwa na mpango wa kukiendeleza. Shirikisho la Kimataifa la Reli, UIC, lenye makao yake Paris, lilikuwa linatimiza miaka 50. Liliundwa mwaka 1922, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imeiachia Ulaya mipaka mipya, na kazi yake ilikuwa kusawazisha mambo ya kifundi na ya hesabu ili behewa la nchi moja liweze kupita katika nchi nyingine bila kukwama. Jubilei ilihitaji kitu cha kuonekana, ikatolewa ofa ya vijana ya mwaka mmoja. Mwaka ukaisha, vijana wakaitaka tena, reli nazo zikaona hakuna sababu ya kuwanyima.

Ukiacha sherehe, palikuwa na biashara. Miaka ya sitini magari binafsi na ndege za kukodi yalikuwa yameanza kuzinyang'anya reli abiria wao, na vijana wasio na gari walisimama kando ya barabara kuu na mizigo yao wakiomba lifti. Treni ya usiku ya kwenda kusini itaondoka tu, ijae isijae. Kumpakia kijana kwenye kiti ambacho kingekwenda kitupu hakukuitia reli gharama ya maana. Konda wa daladala wa saa nne za usiku anaijua hesabu hiyo bila kusomea uchumi: bora nusu nauli kuliko kiti kitupu.

Wazo la tiketi moja kwa nchi nyingi lilikuwa limeshajaribiwa, ila kwa wageni. Mwaka 1959 reli za nchi 13 zilianzisha Eurail, iliyouzwa kwa wasafiri wa kutoka Marekani ya Kaskazini. Dola ilikuwa na nguvu, na miaka miwili kabla yake Arthur Frommer, aliyewahi kuwa askari wa Marekani huko Ulaya, alikuwa amechapisha kitabu cha mwongozo, Europe on 5 Dollars a Day, kilichowaambia Wamarekani wa kawaida kwamba Ulaya si ya matajiri peke yao. Kwa hiyo kwa miaka 13 mwanafunzi wa Chicago alikuwa na haki kwenye treni za Ulaya ambayo mwanafunzi wa Lyon hakuwa nayo. Interrail ilikuja kuliondoa jambo hilo la aibu, lakini iliacha ukuta mmoja umesimama: tiketi moja ya wakazi wa Ulaya, nyingine ya watu wa nje. Ukuta huo upo hadi leo.

Safari yenyewe ilikuwaje? Kwanza, mara nyingi ilikuwa ya wawili. Rafiki mmoja alilinda mashanta stesheni, mwingine akaenda kutafuta mkate, maji na kitanda cha hosteli. Usiku mmoja alilala, mwenzake akawa macho, maana wezi wa treni za usiku walikuwa na ujuzi wao. Kitabu cha ratiba cha Thomas Cook, kilichoanza kutolewa mwaka 1873, kilikuwa kizito na cha bei, hivyo kununua kimoja kwa wawili kulikuwa na mantiki. Kilipangwa kwa majedwali ya namba, na aliyejua kukisoma aliweza kukaa Vienna na kujua atafika Naples saa ngapi, atabadilisha treni wapi na atasubiri muda gani. Mwezi mzima wa kugawana sabuni, jibini na ramani ulitosha kumjua mtu. Urafiki mwingine uliota mizizi humo, na wapo waliorudi kwao wakiwa wamekaa mabehewa tofauti.

Kijitabu kilikuwa na kurasa za kuandika safari. Msafiri alijaza kwa kalamu anakotoka na anakokwenda, mkaguzi akapita na kugonga mhuri. Treni nyingi za masafa marefu zilikuwa na vyumba vya watu sita au wanane, viti vikitazamana, mlango wa kioo ukifungukia ukumbini. Katika mabehewa mengi viti viliweza kuvutwa vikakutana katikati na kuwa kitanda kipana. Waliowahi walilala hivyo, miguu ya mmoja kichwani kwa mwingine. Waliochelewa walitandika ukumbini na kurukwa usiku kucha na watu waendao msalani. Wenye bajeti ndogo walipanga safari kwa ajili ya usingizi: unatoka mji mmoja saa nne za usiku, unaamka mwingine saa moja asubuhi, na pesa ya malazi imebaki mfukoni. Wakichoka kuishi hivyo waliingia hosteli za vijana, mtandao ulioanzia Altena, Ujerumani, mwaka 1912, kwa juhudi za mwalimu Richard Schirrmann.

Ramani ilionyesha bara moja, lakini reli zenyewe zilikuwa na yao. Hispania iliamua tangu karne ya 19 kujenga njia pana kuliko ya Ufaransa: leo ni milimita 1,668 dhidi ya 1,435. Isipokuwa kwa treni chache za pekee, abiria waliotoka Paris walishushwa mpakani Irun au Port Bou, mara nyingine alfajiri wakiwa na usingizi, wakavuka ukumbi wa forodha na kupanda treni nyingine. Kila mpaka ulikuwa na askari wake, mhuri wake na fedha yake. Msafiri alitembea na hundi za wasafiri zilizofichwa mkandani na mabaki ya lira, peseta, drakma na faranga yakimlia mfukoni. Barua za nyumbani zilimsubiri katika posta kuu ya mji alioahidi kuupitia, naye huenda alishabadili mawazo.

Kwenda Ugiriki kulikuwa na njia mbili. Moja ilikuwa ya treni moja kwa moja, kama ile Hellas Express iliyotoka Dortmund hadi Athens kupitia Yugoslavia. Safari ilichukua kama siku mbili, na ilijaa vibarua wa Kiyugoslavia na Kigiriki waliokuwa wakirudi likizo kutoka viwanda vya Ujerumani Magharibi, wakiwa na masanduku, majokofu madogo na chakula cha kuwatosha wote chumbani. Mwanafunzi wa Kiholanzi au Kidenishi mwenye shanta alijifunza huko, kuliko katika kitabu chochote, ni nani hasa aliyekuwa akiijenga Ulaya ya wakati ule. Njia ya pili ilikuwa kushuka Italia hadi Brindisi, kisha kulala juu ya sitaha ya feri kwenda Patras. Vita vya Yugoslavia vilipozuka mwaka 1991, njia ya kwanza ikakatika na feri ikabeba mzigo wote.

Haikuwa picnic wakati wote. Tarehe 2 Agosti 1980, Jumamosi ya mwanzo wa likizo za Waitalia, bomu lililotegwa na wafuasi wa ufashisti mamboleo lililipuka katika chumba cha kusubiria cha daraja la pili, stesheni ya Bologna. Watu 85 waliuawa na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Bologna ni makutano ya reli za Italia, karibu kila aendaye kusini hupita hapo, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo wasafiri wa nje. Saa ya ukutani imeachwa ikionyesha saa nne na dakika 25 asubuhi, wakati bomu lilipolipuka.

Hata hivyo wasafiri hawakupungua. Umri wa mwisho ulikuwa umeshapandishwa hadi miaka 23 mwaka 1976, kisha 26 mwaka 1979. Hapo ndipo mafanikio yalipoleta ugomvi. Vijana wa kaskazini, Waskandinavia, Wajerumani na Waingereza, walinunua tiketi kwao na kukimbilia jua la kusini. Treni zilizofurika zilikuwa za Italia, Hispania, Ureno na Ufaransa, lakini sehemu kubwa ya mapato ilibaki kaskazini ilikokatwa tiketi. Reli za kusini zikalalamika, na kwa maoni yangu zilikuwa na haki kabisa. Jawabu lilikuja mwaka 1994: Ulaya ikagawanywa katika kanda, kila kanda na herufi yake, na msafiri akalipia kanda alizotaka. Kanda F ilikuwa Hispania, Ureno na, jambo ambalo wengi wetu hatulijui, Moroko. Kwa muda kijana wa Oslo aliweza kuvuka mlango wa bahari wa Gibraltar na kuendelea hadi Marrakech kwa tiketi ya Ulaya. Kijana wa Marrakech alikuwa na maswali ya viza ya kujibu kabla ya kuvuka kuelekea upande wa pili. Leo Moroko haimo tena katika mpango huo.

Miaka hiyohiyo ya tisini mambo yaligeuka haraka. Mkataba wa Schengen uliotiwa saini mwaka 1985 ulianza kutumika Machi 1995, na askari wa mpakani wakaacha kuwaamsha abiria katika nchi zilizouridhia. Soko la anga likafunguliwa, ndege za bei nafuu zikaingia, na tiketi ya kwenda Barcelona ikawa rahisi kuliko viatu. Kwa nini ulale ukumbini siku mbili? Mwaka 1998 reli ziliondoa kikomo cha umri, na waliokuwa vijana mwaka 1972 wakarudi, safari hii wakilala kwenye magodoro ya hotelini. Mwaka 2007 kanda zikafutwa.

Adui mwingine alitoka ndani ya reli zenyewe. TGV ya kwanza kati ya Paris na Lyon ilianza kazi Septemba 1981, zikafuata za mwendo kasi Hispania na Italia, na Eurostar chini ya bahari mwaka 1994. Treni hizo zinataka kiti kiwekeshwe mapema na kilipiwe ada, hata kama una Interrail mkononi. Treni za usiku nazo zikafungwa moja baada ya nyingine. Reli ya Ujerumani iliacha mabehewa ya kulala Desemba 2016, na ni shirika la Austria, ÖBB, lililoyaokoa baadhi na kuyaendesha kwa jina la Nightjet. Mimi naiona ada ya kiti kuwa pigo kubwa kuliko ndege. Ndege iliipunguzia Interrail wateja. Ada iliwapunguzia hao waliobaki uhuru wa kubadili mawazo wakiwa stesheni, na uhuru huo ndio uliokuwa ukiuzwa tangu 1972.

Kilichoirudisha tiketi midomoni mwa watu ni hofu ya mabadiliko ya hali ya hewa, iliyoanza kuwatia vijana haya ya kupanda ndege, hasa Uswidi, na siasa za Umoja wa Ulaya. Wanaharakati wawili wa Berlin, Vincent-Immanuel Herr na Martin Speer, walipendekeza kila kijana wa Umoja apewe tiketi ya bure akifikisha miaka 18. Wazo lilifika Bunge la Ulaya, na mwaka 2018 ukaanza mpango wa DiscoverEU, unaogawa tiketi kwa baadhi ya wanaoomba. Agosti 2019 kampuni za reli za Uingereza zilitangaza kujitoa Interrail, umma ukachachamaa, na kesho yake zikarudi kundini. Leo tiketi inakubaliwa katika nchi 33 na inakaa ndani ya simu.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, kigingi si umri wala bei ya tiketi. Ombi la viza ya Schengen, ambalo tangu Juni 2024 linatozwa euro 90 kwa mtu mzima, linataka ratiba, uthibitisho wa malazi na bima isiyopungua euro 30,000. Yaani tiketi iliyobuniwa kwa ajili ya mtu asiyejua atalala wapi kesho, sisi tunaruhusiwa kuitumia tukishaeleza kwa maandishi tutalala wapi kila siku. Linalowezekana ni kupanga vituo vichache vya kweli, kuacha siku kadhaa katikati kwa matembezi ya mji jirani, na kuomba kwa ubalozi wa nchi utakayokaa muda mrefu zaidi.

Anayeishi Ulaya kwa kibali halali anunue Interrail, hata kama pasipoti yake ni ya Kenya au Tanzania, kwa kuwa kinachoangaliwa ni makazi. Anayetoka nyumbani anunue Eurail. Treni ni zilezile. London na Dublin zina viza zao, nje ya Schengen. Na kabla ya kulipa, jumlisha ada za viti za Ufaransa, Hispania na Italia, ulinganishe na tiketi za kawaida zilizokatwa mapema. Kwa miji mitatu au minne, mara nyingi tiketi za kawaida ni nafuu.