Kopo la Bibi na Simu Yangu

Mwezi uliopita, pale kwenye kibanda cha kuchajia, kijana mmoja alinipa simu yake ya Itel nimsaidie. Ilikuwa imejaa. Haikupokea hata picha ya mtoto wa dada yake aliyezaliwa Bujumbura. Nikaifungua: video za mpira, moja imejirudia mara tano, vichekesho, sala za asubuhi za kutumiwa na kila mtu, na katikati ya takataka hizo picha ya cheti cha shule cha marehemu baba yake. Nikamuuliza, "Hii unayo pengine?" Akanishangaa. "Si iko hapo, kaka?"

Jibu hilo nalijua, maana hata mimi nililitoa mwaka 2015, nikajuta. Ila nikianza na 2015 nitakuwa nimeruka mtu aliyeifanya kazi hii vizuri kuliko sisi wote, naye hakuwahi kushika simu. Huyo ni bibi yangu. Kwa hiyo mnivumilie, tuanzie Rumonge.

Wasioijua, Rumonge ni mji wa kando ya Ziwa Tanganyika, kilomita sabini na kitu kusini mwa Bujumbura. Mji wa mawese, wa ndagala, na wa Kiswahili. Miaka mingi ulikuwa ndani ya mkoa wa Bururi. Ukawa mkoa wenyewe Machi 2015, yaani mwezi mmoja kabla hatujaanza kukimbia tena.

Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulilipuka kwenye ukanda huo wa ziwa, Rumonge na Nyanza-Lac. Waasi wa Kihutu waliua Watutsi, na wanawake na watoto wakiwemo. Hilo lilitokea, na mtu anayeandika historia ya kwao asiliruke. Kisha serikali ya Micombero ikajibu, na jibu lake lilichukua miezi, nchi nzima. Waliotafutwa zaidi walikuwa Wahutu waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani, wauguzi. Makadirio ya waliouawa yanaanzia 100,000 na kufika 300,000.

Babu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Walimchukua mchana, hakurudi. Usiku ule bibi alitoa karatasi zote za nyumba akaziweka chini kando ya koroboi. Yeye hakujua kusoma. Akamwamsha baba yangu mkubwa, wakati huo mtoto wa miaka kumi hivi, amsomee moja moja kwa kunong'ona. Cheti cha ualimu: motoni. Barua kutoka kwa walimu wenzake: motoni. Halafu picha ya babu na wenzake siku ya kumaliza chuo, watu kama ishirini wamesimama mistari miwili. Baba mkubwa anasema hapo bibi alikaa muda mrefu. Ilikuwa picha ya pekee ya mume wake. Lakini atakayeikamata amekamata sura ishirini. Akaichoma.

Zilibaki karatasi mbili: barua ya komuni yenye mhuri, inayotaja jina la babu na kilima lilipo shamba, na risiti ya kodi. Hakuziweka pamoja. Barua aliifunga kwenye nailoni, akaitia kwenye kopo la maziwa ya unga, mdomo akauziba kwa nta ya mshumaa. Risiti alimpa kaka yake, mvuvi, ambaye alivuka kwa njia yake. Mtumbwi wa bibi uliingia maji, na nta haikushika vizuri. Wino wa barua ukachuruzika, ukabaki mhuri na nusu ya jina. Risiti ilifika Kigoma kavu.

Mimi nimezaliwa Ulyankulu, Tabora. Wakimbizi wa 1972 waliwekwa huko, na Katumba, na Mishamo, na zaidi ya 160,000 wamekuja kupewa uraia wa Tanzania. Nyuma yetu, kule ukanda wa ziwa, ardhi ilipewa watu wengine, na sehemu kubwa ikaingia kwenye miradi ya serikali ya michikichi. Sheria ya ardhi ya 1986 ikasema aliyekalia ardhi miaka 30 anaweza kuwa mwenyewe. Hesabu mwenyewe: 1972 ongeza 30. Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 ukasema wakimbizi warudishiwe mali zao, na mwaka 2006 ikaundwa tume ya kushughulikia ardhi na mali nyingine, ile tunayoiita CNTB. Baba alirudi Rumonge 2008 na vipande viwili vya karatasi, kimoja kimelowa na kimoja kikavu. Waliokuwa shambani nao walikuwa na karatasi zao, tena safi. Mwishowe tukagawana, nusu kwa nusu. Hatukufurahi, na wao hawakufurahi, lakini tulilima mpaka mmoja. Bila risiti ile ya mvuvi sijui tungeonyesha nini.

Baba alifariki 2013. Kabla ya hapo nilimrekodi kwa simu yangu ya Tecno, dakika kumi na moja, anaeleza mipaka: kutoka mto mpaka kwenye mwembe, nani ni jirani upande gani, nani alishuhudia. Karatasi ya makubaliano niliipiga picha. Vyote vikakaa kwenye memori kadi, na mimi nikatulia. Si iko hapo?

Mwisho wa Aprili 2015 maandamano yalianza Bujumbura kwa sababu ya muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza. Siku chache tu, WhatsApp na Facebook zikafungwa kwenye simu. Watu wakahangaika na VPN. Baada ya jaribio la mapinduzi la 13 Mei, redio binafsi zilishambuliwa na kuharibiwa, RPA, Isanganiro, Bonesha na Renaissance. Waandishi wake wengine wakaanza kutoa habari kupitia mitandao, na hapo ndipo SOS Médias Burundi ilipozaliwa. Kwa hiyo habari zote zilihamia ndani ya simu. Na waliokuwa wanatafuta watu wakahamia huko huko.

Mimi sikuandamana hata siku moja. Lakini nilikuwa kwenye magrupu, na WhatsApp, usipoizuia, inajihifadhia yenyewe kila picha inayoingia. Galari yangu ilijaa matairi yanayoungua ambayo sikuyaona kwa macho. Usiku wa kuondoka nikasikia kwamba njiani wanafungua simu. Nikaogopa. Sikukaa chini kama bibi nikachagua moja moja. Nilirudisha simu ilivyotoka kiwandani, nikachomoa memori kadi, nikaitupa chooni. Nilichoma nyumba nzima kwa ajili ya panya wawili.

Na bado haikunisaidia. Kwenye kizuizi kimoja kabla ya Nyanza-Lac kijana aliishika simu, akaipekua, akacheka. "Simu ya mtu mzima haina hata picha moja? Ulikuwa unaficha nini?" Nilipita kwa pesa, si kwa usafi wa simu. Nimelifikiria sana jambo hilo. Simu tupu nayo inasema. Ingebaki na picha za harusi, za mpira, za watoto, ningekuwa mtu wa kawaida.

Tulifika Kagunga, tukakuta maelfu kwa maelfu ufukweni, na kipindupindu. Aliyekuwepo hahitaji kuelezwa. Meli ya Liemba ikatuchukua mpaka Kigoma. (Meli hiyo ina kisa chake. Wajerumani waliizindua ziwani 1915 kwa jina Graf von Götzen, na Julai 1916 wakaizamisha wenyewe isichukuliwe na adui. Lakini kwanza waliipaka mitambo grisi nene. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini. Wale walijua kuficha kitu bila kukiua.)

Huku Nyarugusu, nilipopata laini na bando, dada yangu wa Ulyankulu alinitumia picha ya makubaliano ya shamba. Nilikuwa nimempelekea zamani, nikasahau. Ile imerudi. Sauti ya baba sikumtumia mtu, kwa sababu faili lilikuwa kubwa na bando ghali. Dakika kumi na moja. Iko kwenye shimo la choo Rumonge.

Sasa, vijana wanaponiletea simu zilizojaa, nafanya kama bibi: tunakaa, tunapitia. Kwanza tunazima ile kazi ya WhatsApp ya kuhifadhi kila kitu. Zinazojirudia tunafuta. Na ninawaambia kwamba kufuta si kuchoma. Picha uliyofuta inakaa kwenye kapu la takataka, mara nyingi siku 30, na yeyote mwenye simu yako mkononi anaweza kuirudisha. Ni lazima uingie humo ufute tena. Hata hapo, fundi mwenye programu anaweza kufukua kitu kwenye memori kadi mpaka pale mambo mapya yatakapoandikwa juu yake. Ndiyo maana ukiuza simu sokoni, kadi usiiuze nayo.

Za thamani zinapata mahali pawili, na pa pili pasiwe mfuko ule ule wa suruali. Akaunti ya Gmail inatosha kwa picha za karatasi, mradi pasiwedi unaijua wewe, siyo yule kijana wa dukani aliyekufungulia akaunti. Hilo ni tatizo kubwa hapa kambini, bana. Nusu ya watu hawajui anwani zao wenyewe. Bakapu ya WhatsApp unaweza kuifunga kwa neno la siri tangu mwishoni mwa 2021, lakini wengi hawajaiwasha. Asiye na bando atumie ndugu mmoja wa mbali, amwambie kwa mdomo: hii usifute.

Na loki iwe ya namba, tena sita. Kidole ni rahisi, lakini kidole mtu anaweza kukushika akakuwekea. Unapoiacha simu kwenye kibanda cha chaji saa nne nzima, izime.

Na nyinyi ndugu zetu wa mashirika, msidhani haya ni ya wakimbizi tu. Mnatuandika kwenye tableti zenu: majina, vidole, picha, tulikotoka. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi wameingia kwenye taarifa za watu zaidi ya 515,000, wengi wao watu waliopoteana na jamaa zao. Waliisema wenyewe hadharani, na nawaheshimu kwa hilo. Lakini mkinipiga picha nikiwa kwenye foleni, nina haki ya kuuliza inakwenda kulala wapi, na nani mwingine yumo kwenye picha hiyo. Bibi aliuliza hivyo hivyo usiku ule, mbele ya sura ishirini.

Baba mkubwa, yule mtoto aliyesoma karatasi, tunaishi naye hapa. Ana simu moja ya kupapasa. Mjukuu wake alimwekea loki, kisha akaenda Nakivale, na namba yake haipatikani. Mzee hajui namba ya kufungulia. Ndani kuna picha ya bibi, ya mwisho, ambayo hakuna mwingine aliye nayo. Fundi amesema anaweza kuifungua kwa kuirudisha ilivyotoka kiwandani. Nimemkataza. Kwa sasa imezimwa, imefungwa kwenye nailoni, iko ndani ya kopo. Kila Jumapili baada ya chakula anaileta, tunaiwasha, tunajaribu namba chache mpaka itwambie tusubiri. Tumeshamaliza miaka ya kuzaliwa ya watoto wote.