Samani kuukuu za mbao: kuziokoa kwa gharama ndogo, bila kuwadhuru watoto

Kabati la mvule lililotengenezwa Dar es Salaam katika miaka ya 1950, na meza ya mwaloni iliyoachwa kando ya barabara mjini Birmingham, hufanana kwa jambo moja. Mbao iliyo chini ya rangi yao chakavu mara nyingi ni bora kuliko ile ya samani mpya za bei nafuu, ambazo nyingi siku hizi ni chipbodi iliyofunikwa karatasi au plastiki.

Watu wa Afrika Mashariki wanaoanza maisha ugenini huligundua hilo mapema. Nchini Uingereza maduka ya hisani huuza viti na makabati yaliyotumika. Marekani, mtandao wa Freecycle, ulioanzishwa Tucson, Arizona, mwaka 2003 na sasa kuenea nchi nyingi, huwawezesha majirani kupeana vitu bure. Nyumbani nako, mtu anayerithi kitanda au kasha la bibi yake hupata mali ambayo fundi wa leo angeitoza fedha nyingi kuitengeneza upya.

Upungufu wa fedha hauzuii kazi hii. Kinachoiharibu ni pupa, na pupa hiyo huleta hasara za namna mbili. Ya kwanza ni kukwangua kitu ambacho thamani yake yote imo katika ngozi yake ya zamani. Ya pili, iliyo mbaya zaidi, ni kupiga msasa rangi kuukuu ndani ya nyumba wanamoishi watoto.

Kuitambua samani kabla ya kuigusa

Hatua ya kwanza haina gharama yoyote. Samani igeuzwe juu chini, watoto wa meza watolewe, na migongo yake itazamwe. Sehemu zisizopakwa rangi ndizo husema ukweli kuhusu mbao yenyewe.

Mvule huwa na rangi ya kahawia iliyoelekea dhahabu na huvumilia mchwa. Mninga una wekundu wa joto na hauchezi sana kwa mabadiliko ya hewa, na ndiyo sababu mafundi wa Tanzania huupenda. Mkangazi ni mwekundu na mwepesi kuchonga. Msaji una mafuta ya asili ambayo huukinga na maji, lakini mafuta hayohayo huikataa rangi isipoandaliwa vyema. Mbambakofi na mfenesi huonekana sana katika milango na samani za zamani za Unguja.

Makasha yanayoitwa ya Zanzibar, yenye misumari na mabamba ya shaba, yanastahili tahadhari ya pekee. Mengi hayakutengenezwa Unguja. Yaliletwa na majahazi kutoka Surat, Bombay na Ghuba ya Uajemi, na Waomani wana kasha la namna hiyo wanaloliita mandusi. Weusi uliojikusanya kuzunguka misumari, alama za mikono kwenye kifuniko na mikwaruzo ya miaka mia moja ndivyo vinavyolitofautisha kasha la kale na nakala iliyotengenezwa kwa ajili ya watalii. Mwenye kulipiga msasa hadi ling'are hujipatia kasha jipya, na kuipoteza historia ambayo hakuna fundi awezaye kuirudisha.

Ndivyo ilivyo pia kwa kiti cha enzi cha Lamu na miji jirani, chenye mgongo mrefu, nyuzi zilizosukwa na mapambo ya mfupa au pembe ya ndovu. Mfano mmoja umehifadhiwa katika jumba la makumbusho la sanaa za Afrika la Smithsonian mjini Washington. Kukipaka kiti kama hicho rangi nyeupe ili kifanane na mapazia ni dhuluma, hata kama kimerithiwa kihalali.

Pembe ya ndovu ina jambo lake la kisheria. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989. Uingereza ilipitisha sheria kali zaidi mwaka 2018, ikaanza kutumika Juni 2022. Chini ya sheria hiyo, kitu cha kabla ya mwaka 1947 chenye pembe isiyofikia asilimia 10 ya ujazo wake chaweza kuuzwa, lakini kwanza lazima kisajiliwe. Familia inayofikiria kukisafirisha au kukiuza kiti cha babu ni vyema iulize sheria za nchi zote mbili kabla ya kukifungasha.

Maji na sabuni kwanza

Samani nyingi zinazohukumiwa kuwa zimekufa zimechafuka tu. Moshi wa jikoni, mafuta ya nywele, nta ya zamani na vumbi huungana na kuwa utando mweusi unaoficha mbao nzuri. Kitambaa kilichokamuliwa vizuri baada ya kuchovywa katika maji ya vuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo hutosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Maji yasimwagwe, wala mbao isiachwe na unyevu. Kila sehemu ndogo ikisafishwa ikaushwe papo hapo kwa kitambaa kingine.

Baada ya hapo yafaa kujua samani ilimalizwa kwa nini. Tone la spiriti liwekwe mahali pasipoonekana. Utando ukilainika na kunata, hiyo ni shelaki, utomvu wa mdudu mdogo wa India na nchi jirani zake, uliotumika sana katika samani za kabla ya Vita Kuu ya Pili. Usipobadilika, huenda ni vanishi ya mafuta au ya plastiki. Tofauti hii ina maana kubwa kwa mfuko, kwa sababu shelaki iliyopasuka au kufifia haihitaji kukwanguliwa. Brashi yenye spiriti kidogo huiyeyusha na kuilaza upya, na mikwaruzo midogo hujifunga yenyewe.

Duara jeupe lililoachwa na kikombe cha chai moto nalo huogopwa bila sababu. Kwa kawaida ni unyevu ulionaswa ndani ya utando wa juu, na haujafika kwenye mbao. Duara jeusi ndilo lililoingia ndani, na hilo ni kazi ngumu zaidi.

Mbao iliyosafishwa huweza kumalizwa kwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na tapentaini. Mchanganyiko huo upashwe moto juu ya chombo cha maji ya moto, mbali na mwali. Wengine hupendelea mafuta ya kitani. Ni mafuta mazuri, lakini yana hila moja ambayo imeteketeza karakana nyingi: kitambaa kilicholowa mafuta hayo kikikunjwa na kutupwa kwenye pipa hujizalishia joto na kuweza kuwaka chenyewe, bila kiberiti. Vitambaa hivyo vitandazwe nje kimoja kimoja hadi vikauke na kukakamaa, au vilowekwe majini kabla ya kutupwa.

Sumu iliyo ndani ya rangi

Hapa ndipo kazi ya mkono inapogeuka suala la afya. Madini ya risasi yalichanganywa katika rangi kwa karne nyingi kwa sababu huipa ung'avu, huiharakisha kukauka na kuifanya idumu. Hatari yake haikuwa siri. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia, kwa sehemu kubwa, matumizi ya risasi nyeupe katika kupaka majengo kwa ndani. Hata hivyo Marekani ilisubiri hadi mwaka 1978 ndipo ikapiga marufuku rangi hizo majumbani na katika samani, na nchini Uingereza zilikuwa zikiuzwa kwa umma hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Afrika Mashariki ilichelewa zaidi. Umoja wa Mataifa unapendekeza risasi isizidi sehemu 90 katika kila sehemu milioni za rangi, lakini rangi za madukani zilizopimwa nchini Kenya na Tanzania katika miaka ya 2010 zilikutwa nyingine zikipita kiwango hicho kwa mbali. Kwa kawaida rangi za njano, nyekundu na machungwa ndizo huwa na risasi nyingi zaidi. Kwa hiyo mtu aliye Mombasa au Mwanza hawezi kujituliza kwamba kabati lake si la kale.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo ndiye huumia zaidi. Mwili wake hufyonza risasi kwa wingi kuliko wa mtu mzima, ubongo wake bado unajengeka, naye hutambaa sakafuni na kutia vidole mdomoni. Madhara yake ni kupungua kwa uwezo wa kujifunza na matatizo ya tabia, na hayo hayarudi nyuma. Dalili za nje huweza kukosekana kabisa. Mama mjamzito naye humpitishia mtoto aliye tumboni.

Rangi iliyotulia na kushikamana vizuri si tatizo kubwa. Vumbi ndilo tatizo. Msasa mkavu, na hasa mashine ya msasa, huisaga rangi kuwa unga mwembamba unaoelea hewani kwa saa nyingi kisha kutua kwenye zulia, mito na vyombo vya chakula. Kuichoma rangi kwa mwali wa moto ni vibaya zaidi, maana hutoa mvuke wa risasi.

Vifaa vya kupimia rangi nyumbani huuzwa katika nchi nyingi za Ulaya na Marekani, ingawa matokeo yake si ya kutegemewa mara zote. Pasipo kipimo, busara ni kuichukulia kila rangi kuukuu kuwa ina risasi. Kazi ifanyike nje, juu ya plastiki inayoweza kukunjwa na kutupwa. Rangi iloweshwe kabla ya kukwanguliwa, na msasa utumike ukiwa umelowa. Sakafu ifutwe kwa kitambaa kibichi, kwani ufagio hulirudisha vumbi hewani. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Barakoa ya kitambaa haitoshi; inayofaa ni ile ya kuchuja vumbi laini, iliyobana vizuri usoni. Watoto na wajawazito wawe mbali hadi kila kitu kimesafishwa.

Dawa za kuondolea rangi zina kisa chake. Zile za zamani zilikuwa na kemikali iitwayo methilini kloridi, ambayo mvuke wake umewaua watu waliofanya kazi katika vyumba vilivyofungwa. Umoja wa Ulaya ulizuia kuuzwa kwake kwa matumizi ya nyumbani, na Marekani ikafuata mwaka 2019. Kopo la zamani lililosahaulika stoo lisifunguliwe.

Kitanda cha mtoto ni kitu kimoja ambacho haifai kukiokoa. Watoto huguguna kingo zake, na vile vyenye ubavu unaoshuka vilipigwa marufuku Marekani mwaka 2011 baada ya vifo vya watoto wachanga.

Viungo vilivyolegea na matundu ya wadudu

Kiti kinachoyumba kisipigwe msumari. Msumari hupasua ulimi wa mbao, na fundi atakayefuata atautukana. Kiungo kifunguliwe taratibu, gundi ya zamani iondolewe, kisha kiunganishwe upya na kubanwa kwa jiriwa au kwa kamba iliyosokotwa kwa kijiti, usiku kucha. Gundi za zamani zilitokana na ngozi na mifupa ya wanyama, nazo hulainika kwa maji ya moto. Gundi nyeupe ya mbao haishiki juu yake, na ndiyo maana marekebisho mengi hayadumu.

Mbao iliyobunguliwa si lazima itupwe. Matundu yasiyo na unga mpya chini yake huenda ni ya wadudu waliokwisha kuondoka. Unga ukionekana, kitu kidogo chaweza kufungwa kwenye mfuko wa plastiki na kuwekwa kwenye friza yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Kabati zima linahitaji dawa, na likiwa limeliwa kiasi cha kubonyea kwa kidole, lisiingizwe ndani kabisa.

Ikibidi kupaka rangi

Samani ya kawaida, isiyo na thamani ya kihistoria, haina ubaya ikipakwa rangi. Makosa hutokea katika maandalizi. Kuikwangua hadi mbao tupu si lazima. Inatosha kuondoa mng'ao kwa msasa namba 180 uliolowa, kuziba nyufa kwa puti na kufuta mafuta. Mafundi wa zamani wa pwani walitumia majani makavu ya mti wa msasa, yanayokwaruza kama ulimi wa paka, na jina la mti huo likabaki kwa karatasi ya dukani.

Mkangazi, msaji na mwaloni hutoa maji ya kahawia yanayopenya rangi nyeupe na kuacha madoa ya manjano, hata baada ya mikono mitatu. Tiba yake ni mkono mmoja wa shelaki kabla ya rangi. Msaji ufutwe kwanza kwa spiriti.

Rangi ya chaki, iliyoanzishwa na Annie Sloan mjini Oxford mwaka 1990, hupendwa kwa kuwa hushika karibu juu ya chochote. Ni ghali. Rangi ya maji ya ukutani ikichanganywa na plasta ya Paris iliyokorogwa kwa maji, kikombe kimoja cha rangi kwa theluthi ya kikombe cha plasta, hutoa kitu kinachofanana nayo, mradi ifunikwe kwa nta au vanishi.

Rangi ya maji hukauka kwa saa chache, lakini huchukua wiki tatu au nne kukomaa. Taa, vitabu na vyombo vikiwekwa juu yake mapema hunata, na vikiinuliwa huondoka na vipande vya rangi.