Mshabiki wa Chuo na Mchezaji wa Msimu Mmoja

Mwaka 1987 timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Southern Methodist, mjini Dallas, ilifungiwa msimu mzima. Wafadhili wake matajiri walikuwa wakiwapa wachezaji fedha za siri kila mwezi, kuanzia dola 50 hadi 725, na wakubwa wa chuo wakijua. Ilichukua miaka mingi timu hiyo kusimama tena.

NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu Marekani na kilichotoa adhabu hiyo, kilishikilia kwamba mchezaji ni mwanafunzi: atalipiwa ada, atapewa chakula na malazi, basi. Akihamia chuo kingine, katika michezo mikubwa alikaa benchi mwaka mzima. Masharti hayo yaliwabana vijana, lakini ndiyo yaliyolea ushabiki wa vyuo. Mtu alimwona mchezaji akiingia mwaka wa kwanza, mwembamba na mwenye papara, akamfuatilia akikomaa mpaka anaaga. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam aliichezea timu ya kikapu ya Chuo Kikuu cha Connecticut misimu mitatu, na mwaka 2009 akawa wa pili kuchaguliwa katika usajili wa NBA, ligi ya kulipwa. Alipokuwa chuoni viwanja vilijaa na televisheni zililipa. Yeye hakuruhusiwa kupokea mshahara.

Aliyeutikisa mfumo ni Ed O'Bannon, bingwa wa kikapu wa vyuo mwaka 1995 akiwa na UCLA, Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles. Miaka baadaye alijikuta ndani ya mchezo wa video: umbo lake, namba yake ya jezi, na hakuna aliyemwomba ruhusa wala kumlipa. Akaenda mahakamani kuishtaki NCAA mwaka 2009. Kesi zikafuatana hadi Juni 2021, majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani walipoamua dhidi ya NCAA katika kesi ya Alston, iliyohusu mipaka ya misaada ya masomo kwa wachezaji. Tarehe 1 Julai wachezaji wakaruhusiwa kuingiza fedha kwa majina na sura zao. Mwaka huohuo wakaruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa benchi. Mwaka 2024 hata kikomo hicho kikaondolewa kwa anayefaulu masomo. Tangu 2025 vyuo vyenyewe vinalipa, mwisho dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza.

Aprili 2025 mashabiki wa timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Tennessee, wenye uwanja wa watu zaidi ya 100,000, walipata habari kwamba Nico Iamaleava, mrushaji wao mkuu wa mipira, hakutokea mazoezini. Habari zilisema kulikuwa na mvutano wa malipo. Siku chache baadaye akaenda UCLA.

Wapo waliomwita msaliti. Mimi siwezi. Makocha wamekuwa wakihama kufuata mamilioni kwa miongo mingi, na wachezaji waliosajiliwa nao wakaachwa nyuma. Lakini maumivu ya shabiki ni ya kweli. Amenunua tiketi, kisha vikundi vya wafadhili vimemwomba achangie ili nyota abaki, na msimu ukiisha nyota anaondoka. Akija mwingine, shabiki hajamaliza kumzoea naye yuko njiani.

Kurudisha minyororo ya zamani ni dhuluma. Vyuo vikae mezani na wachezaji, viwape mikataba ya miaka miwili au mitatu yenye fidia ikivunjwa, kama wafanyavyo wengi wanaoajiri wachezaji. Fedha vinazo. Visimwachie shabiki mzigo huo.