CV inasomwa na mashini mbele ya mutu: namna ya kuandika ile inayopita

Kwa vijana wengi wa Bukavu, Goma, Bunia, Lubumbashi ao Kolwezi, kutafuta kazi kunaanza bado na bahasha ya kaki: barua ya kuomba kazi, CV, fotokopi ya diploma, fotokopi ya kadi ya mpiga kura. Bahasha hiyo ingali inapokelewa pahali pengi. Lakini kwa ONG kubwa za kimataifa, kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa, kwa mabenki na makampuni makubwa ya madini, dosie inapita ku intaneti, na mara nyingi kitu cha kwanza kinachoisoma si mutu. Ni programu ya kupanga maombi ya kazi. Mutu wa biro ya RH anakuja nyuma yake.

Mtaani watu wanasema kazi ni ya wale wenye kuwa na mutu ndani. Hiyo iko, na hakuna CV inayoweza kuiponyesha. Lakini kuna pia dosie nyingi zinazoanguka kwa sababu ndogo ndogo ambazo hakuna anayemwambia mwombaji. Hakuna jibu, hakuna simu. Yeye anamaliza kwa kusema « walikuwa na mutu wao », kisha anatuma CV ileile kwa tangazo lingine, na lingine tena, miezi na miezi, kila mara analipa megabaiti na mutu wa kuchapa. Hapo ndipo hasara iko.

Mashini inafanya nini

Programu hiyo inafungua faili, inachomoa maandishi, kisha inajaribu kuyaweka kila moja mahali pake: jina, namba ya simu, masomo, kazi zilizofanywa, tarehe. Kisha mutu wa RH anaweza kutafuta neno fulani katika dosie zote, ao kuomba programu imupangie wanaokaribia tangazo. Zile zinazojulikana sana ni Taleo ya Oracle, Workday, na SuccessFactors ya SAP. Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa inatumia Inspira, na mule mwombaji anajaza historia yake ya kazi katika fomu yenyewe.

Wengi wanaogopa kwamba mashini inatupa CV kwa sababu neno moja limekosa. Kwa kawaida haiko hivyo. Inapanga, na mutu mwenye dosie mia nyingi mbele yake anafungua zile za juu. Kutupwa kwa kweli kunatoka zaidi kwenye maulizo ya fomu: miaka mingapi ya uzoefu, una permis ya kuendesha ao hapana, Kiingereza unaongea kwa kiasi gani. Mwenye kubonyeza haraka na kukosea jibu moja anaweza kuwekwa inje hata kama CV yake ni nzuri. Watu wanapoteza saa nzima kwa kuchagua picha, halafu maulizo wanayamaliza kwa dakika mbili.

Sahihi inayoharibu CV

Hapa kwetu kuna desturi ambayo karibu kila CV inaifuata: ku mwisho mwombaji anaapa kwa heshima yake kwamba yote aliyoandika ni ya kweli, anaandika tarehe, anatia sahihi. Hakuna ubaya ndani yake. Ubaya unaingia kwa namna ya kutia sahihi ile. Mutu anachapisha karatasi, anasaini na biki, anapitisha ku skana ao anapiga picha na telefone, kisha anatuma. Kile kinachoenda sasa ni picha ya karatasi. Macho yanaona maandishi, lakini programu nyingi zinaona picha tu, bila hata herufi moja ndani. Kuna zinazojua kusoma herufi katika picha, lakini kwa makosa, zaidi sana kama picha ilipigwa kwa telefone na kivuli cha mukono kimelala juu yake.

Kuna jaribio la dakika moja. Mwombaji anafungua faili yake, anaweka kidole juu ya jina lake, anajaribu kulikopia na kulibandika katika ujumbe wa WhatsApp. Kama hakuna kitu kinachoshikwa, basi ile ni picha. Kama kinashikwa, akopie ukurasa muzima, abandike, kisha asome kilichotoka. Mara nyingi atashangaa. Tarehe za kazi moja zimekimbilia kazi nyingine, jina la shule limeingia katikati ya lugha, namba ya simu haiko. Hiyo inatoka kwa nguzo mbili, meza na boksi za zile CV za rangi zinazouzwa kwenye nyumba za kuchapa maandishi, zile watu wanaita sekretariati. Ni nzuri kwa macho. Lakini hata mutu mwenyewe, anapokuta « Kifaransa nyota nne », hajui nyota nne ni nini. « Naongea na kuandika vizuri » inaeleweka na wote wawili, mutu na mashini.

Inayopita salama ni ile isiyo na mapambo: nguzo moja, herufi nyeusi za kawaida, vichwa ambavyo kila mutu anavijua kama « Expériences professionnelles », « Formation » na « Langues ». Namba ya simu na anwani ya imeli zikae katika maandishi yenyewe, chini ya jina, si katika ile sehemu ya juu ya ukurasa ambayo Word inaitenga, kwa kuwa programu zingine zinairuka. Faili ihifadhiwe katika Word, ao igeuzwe PDF moja kwa moja kutoka Word. Na kama tangazo linadai CV yenye sahihi? Sahihi peke yake ipigwe picha, ibandikwe chini ya maandishi katika Word, kisha igeuzwe PDF. Maandishi yanabaki maandishi.

Kuongea kwa maneno ya tangazo

CV moja kwa matangazo yote ndiyo kosa linalogharimu zaidi. Tangazo lina maneno yake, na mutu wa RH atatafuta kwa maneno hayo. Kama linasema « gestionnaire de stock », na mwombaji alifanya kazi hiyohiyo miaka mitatu chini ya jina la « magasinier », mashini inaweza kutoona kwamba ni ndugu wawili. Aandike cheo chake cha kweli, kisha katika mstari unaofuata aseme: gestion de stock, inventaire, fiches de stock. Hajadanganya kitu. Vilevile kwa kazi ya maji na usafi: tangazo la Kifaransa linasema EHA, la Kiingereza linasema WASH. Aliyefanya kazi hiyo anaweza kuweka yote mawili, na kuandika jina refu mara moja. CV yenyewe ifuate lugha ya tangazo. Kama tangazo ni la Kiingereza, kutuma CV ya Kifaransa ni kama kuomba usisomwe.

Diploma zetu pia zinahitaji maelezo, na hapa wengi wanapoteza bila kujua. Katika mfumo wa zamani, mutu alisoma graduat miaka 3, kisha licence miaka 2, jumla miaka 5 nyuma ya diplome d'État. Katika mfumo wa LMD, ambao vyuo vikuu vya Kongo viliuingia kwa jumla tangu mwaka wa masomo 2021-2022, licence ni miaka 3. Neno ni lile lile, lakini miaka haiko sawa. Msomaji aliye Nairobi ao Geneva ataona « licence » na kuhesabu miaka 3. Kama tangazo linaomba miaka 5 ya chuo, mwenye licence ya zamani anaachwa inje huku anayo. Aandike wazi: « Licence (bac+5) », na mwaka wa kuanza na wa kumaliza. Muuguzi naye asiishie kwa « A1 » ao « A2 », maana inje ya Kongo herufi hizo hazisemi kitu. A1 ametoka chuo cha juu, A2 ametoka sekondari. Aandike kiwango, miaka na jina la shule. D6 vilevile: « diplome d'État » inaeleweka zaidi.

Kisha kuna kazi zenyewe. CV nyingi zinataja cheo na jina la shirika, basi. Dereva anaandika « Chauffeur, ONG, 2019-2022 ». Mwenzake anaandika: « Chauffeur, 03/2019 – 08/2022. Land Cruiser, barabara ya Bukavu–Uvira na vijiji vya pembeni. Kujaza daftari la gari kila siku, kufuata matengenezo, kubeba wafanyakazi na vifaa. Hakuna ajali kwa miaka mitatu. » Kazi ni ile ile, lakini yule wa pili ndiye atakayeitwa. Hesabu zinasaidia pale zilipo kweli: magari mangapi, wagonjwa wangapi kwa siku, wanafunzi wangapi darasani, sanduku la feza la kiasi gani.

Na miaka isiyo na kazi? Katika mashariki ya inchi, wengi wana miezi ao miaka iliyokatwa na vita na kukimbia. Si kitu cha kufichwa kwa kuchezea tarehe, maana tarehe zinalinganishwa na attestation. Mstari mumoja unatosha: alihama na familia, akafanya biashara ndogo, akafundisha watoto kambini. Biashara ndogo ni kuhesabu feza, kununua, kupanga bei. Inaandikwa.

Kuna werevu unaozunguka ku telefone: kujaza CV na maneno ya tangazo kwa herufi nyeupe, ili macho yasione na mashini ione. Programu inapochomoa maandishi, rangi inapotea, na mutu wa RH anakuta mlolongo wa maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Ni njia fupi ya kuonekana mudanganyifu. Wengine wanaandikisha CV nzima kwa programu kama ChatGPT. Kwa kusahihisha Kifaransa inasaidia kweli. Lakini inapenda kuongeza ujuzi ambao mutu hana, na siku ya mtihani wa Excel hakuna programu ya kukaa kwenye kiti pahali pake.

Vitu vya kutoa, na jina

CV za kwetu zinataja bado kijiji, chefferie, territoire, kabila, dini, hali ya ndoa, hesabu ya watoto. Kama tangazo ao fomu haiombi, bora vitolewe. Havisaidii kuonyesha kazi, na mahali ambapo kabila inaweza kumufungia mutu mlango, hakuna sababu ya kumupa mwenzako ufunguo.

Jina linaomba uangalifu wake. Mkongomani ana nom, postnom na prénom. Fomu za wageni zina mahali pawili tu. Mwombaji achague namna moja, kwa mfano nom na postnom pamoja katika jina la familia, na aishike vilevile katika CV, fomu na imeli. Diploma ikisema vingine kwa herufi moja, afuate diploma. Namba ya simu ianze na +243, bila sifuri: si 099 bali +243 99. Na iwe ile SIM isiyozimwa. Anwani ya imeli yenye jina la utani la shule, kila mutu anajua ya kufanya nayo.

Siku ya kutuma

Pale tangazo linapoomba imeli, mara nyingi linatoa namba ya kuandika katika kichwa cha ujumbe. Iandikwe vile ilivyo, maana wanapanga kwa namba ile. Matangazo mengine yanadai kadi ya mutafuta kazi ya ONEM. Haipatikani usiku wa siku ya mwisho, itafutwe mbele. Saa pia: saa 17 ya Kinshasa ni saa 18 ya Bukavu na Lubumbashi, kwa hiyo kuna saa moja ya nyongeza mashariki. Lakini tangazo la kufunga saa 17 ya Lubumbashi, kwa aliye Kinshasa ni saa 16, na wengi wanafika wakati mlango umefungwa. Umeme na intaneti vikiwa kama vilivyo, siku mbili mbele ndiyo siku nzuri.

Mutu akiombwa feza ya « dosie », ya « mtihani » ao ya « kusogeza jina », asilipe. Umoja wa Mataifa unaandika wazi katika matangazo yake kwamba haulipishi chochote katika hatua yoyote ya kuajiri. Anayedai vingine, kwa makuta ao kwa mwili, hana kazi ya kutoa.

Nakala ya CV iliyotumwa, ile ile, ihifadhiwe pamoja na tangazo. Matangazo hufutwa ku intaneti siku yanapofungwa, na simu ya kuitwa inaweza kuja nyuma ya wiki sita, wakati mwombaji hakumbuki tena aliandika nini.