Kupima Homoni kwa Mate: Hukumu kwa Aliyefunga na kwa Aliye Edani

Tunaulizwa: daktari akitaka mate ya kupima homoni, swaumu inabatilika? Tukijue kwanza kipimo chenyewe.

Homoni husafiri kwenye damu, na nyingi huwa zimeshikana na protini. Zile zilizo huru, ambazo ndizo zinazofanya kazi mwilini, hupenya hadi kwenye mate. Kinachopimwa zaidi ni kotisoli. Hii hupanda asubuhi na hushuka sana karibu na saa 6 usiku. Kwa mwenye maradhi ya Cushing haishuki inavyotakiwa, ndiyo maana huchukuliwa mate ya usiku, angalau mara mbili. Mgonjwa hutema kwenye kichupa au huweka pamba mdomoni ikalowa. Asile wala asipige mswaki muda mfupi kabla, kwani damu ya fizi huharibu jibu. Anayevuta sigara, au anayejipaka krimu zenye steroidi (na za kujichubua nyingi zinazo), amwambie daktari.

Ama hukumu: mate ni twahara, na kuyatoa hakufunguzi. Aliyemeza mate yake safi yakiwa bado mdomoni hana neno. Tahadhari ni kwenye pamba. Wanazuoni wetu wa Kishafii walimtaja mshonaji anayelowesha uzi kwa mate, akaurudisha mdomoni na majimaji yake, akayameza: huyo amefungua. Basi pamba ikishatoka isirudishwe. Ikiwa imetiwa ukali wa ndimu ili kuvuta mate, akameza ladha hiyo iliyoyeyuka, amefungua. Mate yenye damu ayateme.

Kipimo cha usiku hakigusi swaumu, lakini kinategemea usingizi. Anayekesha mpaka daku kisha akalala mchana, mwendo wa kotisoli yake hubadilika. Amweleze daktari, pasipo haraka, huenda wakasubiri Ramadhani ipite.

Linalotutia hofu zaidi ni vipimo vya mate vinavyouzwa kwa kina mama ili wajue kama hedhi imekoma. Homoni za umri huo hupanda na kushuka siku hadi siku, na madaktari hawategemei mate katika hilo. Mwanamke aliyeachwa asijengee eda yake hapo. Mwenye kupata hedhi hukaa tohara tatu (Al-Baqarah 228), aliyekoma kwa umri miezi mitatu (At-Talaq 4), na mjamzito mpaka ajifungue. Hedhi kuchelewa si kukoma, na karatasi ya maabara haimtoi mtu kwenye hesabu ya tohara ikampeleka kwenye ya miezi. Akiolewa ndani ya eda, ndoa hiyo ni batili. Mwenye shaka amwendee kadhi kabla hajakubali posa.

Wallahu aalam.