Kilichobebwa na Kilichoachwa: Vifaa vya Safari Kutoka Kaole

Mwishoni mwa Juni 1857, Richard Burton na John Speke waliondoka Kaole, pwani karibu na Bagamoyo, kwenda kutafuta maziwa makuu ya bara. Kaole wakati huo ilikuwa kituo cha askari wa Kibaluchi wa Sultani wa Zanzibar, kando ya magofu ya mji uliostawi karne nyingi kabla. Waingereza hao walikuwa na mashua ya chuma iitwayo Louisa, lakini wapagazi waliopatikana hawakufika hata nusu ya waliohitajika. Mashua ikaachwa pwani. Walipofika Ujiji mwaka uliofuata, waliliona Ziwa Tanganyika bila chombo chao, wakabaki kutegemea mitumbwi ya wenyeji.

Kila kitu katika safari zile kilipimwa kwa bega la mtu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Ukizidisha mzigo mmoja, umezidisha mtu, na mtu huyo anataka ujira na posho mpaka Unyanyembe (eneo la Tabora), mwendo wa miezi mitatu au zaidi. Ndiyo maana wafanyabiashara wa pwani na Wanyamwezi, waliozijua njia hizi kabla ya Mzungu yeyote, walipenda kitu chenye kazi nyingi.

Hakuna kilichoshinda merikani. Nguo hii ya pamba ya Marekani, isiyotiwa rangi, ilianza kumiminika Zanzibar hasa baada ya mkataba wa 1833 kati ya Sultani Sayyid Said na Marekani, ikiletwa na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Ilifungwa marobota Bagamoyo na Kaole, kisha njiani ikakatwa vipande vya doti na shuka. Shuka hizo zilinunua mtama na mbuzi, zililipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi wa Ugogo, na ndizo walizopewa wapagazi kama posho. Usiku mvua ikinyesha, merikani hiyohiyo ilitandwa juu ya miti ikawa hema. Mchana ilikuwa vazi. Mtu akifia njiani, ilikuwa sanda yake. Sijui kifaa kingine cha safari kilichowahi kufanya kazi nyingi kiasi hicho katika nchi yetu.

Shanga zilikuwa na shida yake. Kila nchi ilikuwa na rangi yake: zilizogombewa hapa zilikataliwa siku chache mbele, na aliyekosea kuchagua pwani alibeba mzigo usiomnunulia hata kuku. Samesame, zile nyekundu, zilipendwa sehemu nyingi kuliko nyingine, na mwenye busara alizichukua kwa wingi. Masango, yaani nyaya nene za shaba, yalikuwa mazito, lakini hayakuharibiwa na mvua.

Mpagazi mwenyewe alibeba vitu vichache juu ya mzigo wa tajiri: chungu au sufuria, kibuyu cha maji, ngozi au mkeka wa kulalia, silaha yake. Sufuria haikuwa ya mtu mmoja, maana wapagazi waligawanyika katika vikundi vilivyopika na kula pamoja. Wakifika kituoni walikata miti na majani, wakajenga vibanda, wakazungushia boma la miiba. Nyumba yao waliipata palepale porini, bila kuibeba.

Mpelelezi Henry Stanley naye alijifunza kwa gharama. Mwaka 1871 alitoka Bagamoyo na mahema ya kitambaa chepesi, na mengi yakachakaa kabla ya kufika Ujiji. Turubai nzito ndiyo iliyostahimili. Aliporudi mwaka 1874 alileta mashua ya mbao, Lady Alice, yenye urefu wa mita 12 hivi, iliyoweza kufunguliwa vipande. Hata vipande hivyo vilikuwa vizito mno, ikabidi fundi wa Zanzibar avipunguze ndipo mabega yavimudu. Mashua ile ilizunguka Ziwa Viktoria, ikapita Tanganyika, ikateremka mto Kongo hadi ilipoachwa mwaka 1877. Tusisahau nani aliyeibeba nchi kavu.

Lakini waliojua kufunga mzigo kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Chuma, Susi na wenzao, waliofuatana na mpelelezi Livingstone. Livingstone alipofariki mwaka 1873 waliukausha mwili wake, wakauweka ndani ya gome la mti na kuushonea turubai. Walipopita Unyanyembe, watu wa mbele walikataa maiti ipite kwao. Wakatengeneza maiti ya uongo kwa mabua ya mtama, wakawatuma wenzao kuirudisha kana kwamba inakwenda kuzikwa, na mwili wenyewe wakaufunga upya kama robota la nguo. Robota lilipita. Lilifika Bagamoyo Februari 1874.

Leo hema jepesi linauzwa Dar es Salaam, na anayekwenda kulala katika hifadhi ya Saadani hufika kwa gari. Ushauri wa njia ile bado unafaa: kabla ya kununua kifaa cha kazi moja, chukua turubai, sufuria kubwa na kanga mbili, uone utakachokosa.

Nina ombi kwa wanaosimamia historia ya Kaole na Bagamoyo. Wageni husimuliwa sana habari za Burton, Speke na Stanley. Wapewe pia nafasi ya kunyanyua mzigo wa frasila mbili, wakiwa na chungu, kibuyu na mkeka wa mpagazi mbele yao.